Kalipa za mtumba za pistoni nne kwenye Impreza ya 1995: milioni moja inanunua nini

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Kama una Subaru Impreza WRX ya zamani, ile ya turbo, zile za mwanzo zilizokuja mbele na kalipa za kuteleza (kalipa ni kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu), seti ya mtumba ya kalipa za pistoni nne kutoka Japani ni hela iliyokwenda mahali pake, mradi umeshamalizana na mafuta ya breki, pedi na tairi. Kama hayo matatu bado, kalipa ziache dukani. Na mtu akikuuzia kalipa za kampuni ya Brembo kwa milioni tatu na nusu akikwambia "dada, hizi ndo zinasimamisha gari," mshukuru, pandisha kioo, endelea na safari.

Gari langu ni WRX ya 1995, manyuo (gia za mkono), namba A. Mtanzania akisikia namba A hahitaji maelezo: gari limekula chumvi ya Dar miaka na miaka, limepita mikono ya watu, na kila aliyelimiliki ameacha ufundi wake chini ya boneti. Mimi nilivutiwa na injini iliyokuwa nzima na bodi ambayo haikuwa imeanza kuoza. Ni lile umbo la kwanza la Impreza, ambalo WRX yake Subaru waliitoa mwishoni mwa 1992. Ndugu zake wa mashindano ndio waliompa Colin McRae ubingwa wa dunia mwaka huohuo wa 1995, na Safari Rally mwaka 1997. La kwangu lakini ni la dukani, na lilitoka kiwandani na diski za mbele za milimita 277 na kalipa yenye pistoni mbili upande mmoja, ile inayoteleza kwenye pini zake ili upande wa pili nao ubane. Kwa kwenda Mlimani City na kurudi zinatosha na kubaki.

Shida yangu mimi ni Kitonga.

Kwetu ni Iringa. Anayetoka huko kuja Dar analo moja la kuvuka kabla hajafika kwenye mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni: mteremko wa Kitonga, barabara nyembamba, ukuta wa mlima upande huu na korongo upande ule, na katikati yake semitrela za Zambia na Kongo zikishuka kwa mwendo wa kutembea huku zikinukia breki. Wenye malori wanajua kushuka na gia. Sisi wa magari madogo tunakwama nyuma yao, hatuwezi kupita, basi mguu unakaa juu ya breki muda wote. Kwa kalipa zile za mwanzo, nikiwa na watu watatu na gunia la viazi nyuma, nusu ya mteremko haijaisha pedali inaanza kuwa ndefu. Haifiki sakafuni, ila unaiona inazama zaidi kila kona, na harufu inaingia hata ukifunga vioo.

Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Kulisimamisha gari la kilo 1,500 kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, breki zinageuza karibu kilojuli 580 kuwa joto. Ukishuka mlima, kila mita 100 za kimo zinakuletea kilojuli 1,470 hivi, na zisipomezwa na injini kwa gia ndogo, zinakwenda zote kwenye diski. Kwa hiyo kila mita 100 za kushuka ni kama umekanyaga breki za dharura mara mbili na nusu kutoka kilomita 100, mfululizo, bila kupumzika. Kwenye mlima kama huo nguvu ya kubana ipo tele. Kinachokosekana ni pa kuliweka hilo joto.

Nasisitiza hapo kwa sababu vijana wengi wa Subaru wananunua kalipa kubwa wakidhani gari litasimama kwa umbali mfupi zaidi. Fanya jaribio dogo kwenye uwanja mtupu: kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Kama tairi zinafunga na kuburuza, au ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisifunge, inatetemesha pedali, basi breki ulizonazo tayari zinaishinda tairi, na kalipa ya bei gani sijui haitakuongezea kitu hapo. Aliyebaki ni tairi. Soma zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwake, wiki na mwaka wa kutengenezwa, halafu ndio uje tuzungumze habari za kalipa.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza niliipeleka kwenye mafuta ya breki. Yaliyokuwamo, fundi alipoyatoa, yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni tangu jana. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Dar unaijua. Yana madaraja yake, yameandikwa DOT na namba kwenye chupa. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa istahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imelowa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, mvuke unabanika, mguu unazama. Ile pedali yangu ndefu ya Kitonga sehemu yake kubwa ilikuwa hiyo. Chupa mbili za DOT 4 za nusu lita, shilingi 30,000, ukijumlisha na mtu wa kukanyaga pedali, zinaponya ugonjwa ambao watu wanautibu kwa mamilioni. Angalizo moja tu: DOT 5 isiyo na hiyo nukta moja ni ya silikoni, kitu kingine kabisa, usiichanganye na hizi hata muuzaji akikuapia.

Shilingi ya pili ni pedi, na hapa soko letu linahitaji macho. Pedi nzuri ina mstari wa herufi na namba ubavuni, na mwishoni mwake herufi mbili za msuguano. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya kwanza inasema habari za pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. EE ni za kuendea kanisani. FF zinafaa kwa gari kama langu, na ukiona FE ujue hiyo inalegea ikichemka, yaani inakuacha palepale unapoihitaji. Duka moja la mjini, silitaji, liliniuzia boksi zuri lenye maandishi ya Kijapani pande zote, na ndani pedi haikuwa na herufi hata moja. Nikazirudisha. Muuzaji hakubisha sana, jambo lililonipa jibu langu.

Sasa kalipa zenyewe. Hizi za pistoni nne zilikuja kwenye WRX na STI (WRX iliyo kali zaidi) za nusu ya pili ya miaka ya 1990 na kuendelea, na kwenye baadhi ya Legacy na Forester za turbo. Utazitambua kwa neno SUBARU lililosubiwa usoni kwa herufi kubwa. Pistoni ni mbili kila upande wa diski, mwili wa kalipa hauchezi, na inafungwa kwa boliti mbili zilezile za kalipa ya zamani. Hakuna kuchomelea, hakuna bati la kuunganisha la kuchongesha, na hapo ndipo unafuu wote ulipo. Inachodai ni diski ya milimita 294 yenye unene wa 24, na rimu ya inchi 16 kwenda juu. Hilo la rimu watu hawakwambii mpaka umeshalipa. WRX za miaka yangu zilikuja na inchi 15, na kalipa hii haiingii ndani yake.

Nilizitafuta Ilala, mitaa ya Shauri Moyo, baada ya kuzunguka Gerezani bila kuridhika. Ukiwa mwanamke unatafuta spea za Subaru unapitia usaili kwanza.

"Dada, gari ya mzee au ya kwako?"

"Ya kwangu."

"WRX? Manyuo?"

"Manyuo."

Hapo kijana akaita mwenzake aje kuangalia, kisha akatoa kalipa chini ya meza. "Hizi ndo zenyewe. OG. Kontena limefunguliwa juzi." Kila kitu Ilala kimetoka kwenye kontena la juzi, hata kile ambacho jirani yako alikuwa nacho mpaka jana usiku. (Kwenye vioo vya pembeni na taa zangu nimechonga namba ya gari, kama kila mwenye akili mjini hapa.) Kwa kalipa hofu hiyo ni ndogo, maana mwizi wa usiku hana muda wa kufungua mfumo wa breki, lakini bado niliuliza kama zinatoka gari moja, na kama zimekuja pamoja na pini na vibati vyake.

Ninavyozikagua ni hivi, na sijali muuzaji akichoka. Kwanza nainua kifuniko cha mpira kinachozunguka kila pistoni, yote minane, taratibu kwa ukucha. Mpira uliochanika maana yake maji na vumbi vimeshaingia. Chini ya mpira naangalia uso wa pistoni: ung'ae kama kioo pote pale unapopita kwenye sili. Kidoa cha kutu kidogo tu kinachokwaruza ukucha ni mwisho wa hiyo pistoni, kwa sababu itakata sili mpya uliyoweka. Kisha najaribu nipeli ya kutolea upepo. Iliyoganda ikikatikia ndani, umenunua nanga. Mwisho naomba tupeleke kwa fundi pancha wa jirani, nabana kipande cha ubao katikati ya kalipa, tunapuliza upepo kidogo pale mpira wa breki unapoingia. Pistoni zote nne zinatakiwa zitoke. Kwenye seti hii moja ilibaki imelala. Kijana akasema "itaamka ikipata mafuta." Mimi nikasema itaamka kwenye bei. Tulianzia 800,000, tukaishia 520,000 na pini zake zote, nikaongeza 70,000 ya mipira na sili mpya za kalipa zote mbili kwenye duka la mbele yake. Huduma ya pale naipa alama nzuri: bei ya kuanzia ni ya ajabu, lakini hawakunizuia kukagua chochote, na ile pistoni iliyolala walikubali kuwa imelala.

Diski nilinunua mpya, 260,000 jozi, za kawaida kabisa, zisizo na matundu wala michirizi. Matundu yanapendeza machoni ila kwa gari la barabarani yanakupa sehemu zaidi za kuanzia nyufa. Mtumba wa diski sinunui. Diski hii ikiwa mpya ni milimita 24 na kikomo chake ni 22, kwa hiyo nyama ya kutumia ni milimita mbili tu, na ya mtumba mara nyingi imeshachongwa mara moja na mtu usiyemjua. Pedi za FF, 110,000. Kazi ya fundi, 60,000. Ukijumlisha na yale mafuta, ni 1,050,000. Rimu za inchi 16 nilibadilishana na zangu za 15 na kuongeza 450,000, zikaja na tairi ambazo zilikuwa bado na maisha. Mwenye rimu za 16 tayari anaruka hilo.

Fundi wangu yuko Tabata, mtu mzima, namwamkia shikamoo na anaitika bila kuinua kichwa kwenye injini. Nilimkuta ameshaandaa kopo la petroli la kuoshea kalipa. Nikamwambia, mzee wangu, petroli hapana. Akaniangalia. "Mwanangu, mimi nimeosha breki kwa petroli tangu enzi za Bedford." Sikubishana na Bedford. Nilimpa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, nikamwonyesha sili mpya, nikamwambia mpira huu wa breki ukikutana na petroli, dizeli au grisi ya kawaida unavimba, na ukivimba pistoni hairudi. Akasema haya, gari ni lako. Tuliosha kwa spiriti, tukapaka sili mpya mafuta safi ya breki, na pistoni zikaingia kwa nguvu ya kidole gumba. Ile iliyolala ilikuwa na kamba ya kutu kwenye mfereji wa sili, si kwenye pistoni yenyewe. Alipoisafisha kwa kijiti cha mbao, maana bisibisi ingekwaruza, ikaamka kweli. Kwa hiyo yule kijana wa Ilala alikuwa na ukweli wake, ila bei niliyoipata siirudishi.

Kufunga hakukuwa na mengi. Lile bati la vumbi nyuma ya diski lilikuwa linagusa diski mpya iliyo kubwa zaidi, fundi akalikunja kwa koleo. Mipira ya breki ilikuwa mizima, tukairudisha na washa mpya za shaba. Washa za zamani usizirudishe, zinavuja, na ni mia chache tu. Nipeli lazima zikae juu. Ukiona zimekaa chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na upepo hautatoka hata mkikanyaga mpaka kesho. Kisha ile nyimbo ya gereji zote: kanyaga, shikilia, achia. Kanyaga, shikilia, achia. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye pedali na fundi chini na kimpira chake kwenye chupa, akiangalia viputo. Alikuwa tayari kufunga mapema, nikamwomba aendelee mpaka mafuta yatoke meupe kwenye magurudumu yote manne.

Fundi huyu nampa nyota nne. Ya tano imeondoka na lile kopo la petroli, na kwa sababu ya kutaka kuniachia gari bila kuzoesha pedi. Pedi na diski mpya hazijuani. Inabidi uende mahali patulivu, na mimi nilikwenda Kigamboni alfajiri, ile barabara baada ya Kibada, ukimbize gari mpaka 70 hivi na kulipunguza mpaka 20 bila kulisimamisha kabisa, tena na tena, halafu utembee taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Ukisimama na kubana pedi kwenye diski ya moto, pedi inaacha alama yake pale, na wiki ijayo unaanza kulalamika kuwa diski imepinda.

Sasa gari linaendaje? Mjini, tofauti ya kwanza niliyoiona ni kwenye mguu: pedali inajibu mapema na haina ule ulegevu wa mwanzo kabla breki haijashika. Kwenye kalipa za zamani ulegevu huo ulitokana sana na pini za kuteleza, ambazo kwa vumbi letu na hewa ya bahari zinakauka na kuganda, kalipa ikawa inabana upande mmoja, pedi ya ndani ikaisha na ya nje ikabaki nene. Hizi mpya hazina pini za kuteleza za kuganda. Kwangu hilo peke yake ni nusu ya thamani, na sijaona wengi wakilisema. Kubadilisha pedi nako kumekuwa kazi ya dakika: unavua tairi, unatoa klipu na pini mbili, pedi zinatoka kwa juu, boliti za kalipa hujagusa.

Kwenye barabara kuu, pale vijijini unapotoka 80 kushuka 50 kabla hujapigwa tochi, gari linapungua likiwa limetulia, halivuti kushoto wala kulia. Je, linasimama kwa umbali mfupi kuliko zamani? Kwa tairi zilezile, nikikanyaga mara moja kwa nguvu, sioni tofauti ya kuandikia. Diski imekua kutoka 277 hadi 294, yaani asilimia sita tu ya mkono wa kukazia, na tairi haikujua kuwa kuna kalipa mpya. Anayetaka kukusimulia habari za "inasimama papo hapo" amebadilisha tairi siku hiyohiyo.

Kitonga ndiko nilikokwenda kuzipima, na huko ndiko zilikojilipa. Nilishuka mzigo ukiwa kama kawaida yangu, gia ya pili na ya tatu, nyuma ya semitrela mbili zilizofuatana. Mguu wangu nimeuweka pale ninapouweka siku zote, na niliusikiliza kila kona. Pedali ilikaa kimo kimoja kutoka juu mpaka chini. Harufu iliyoingia ilikuwa ya malori. Sitasema ni kalipa peke yake. DOT 4 mpya na pedi zenye F ya pili zina mkono mkubwa humo, na mwenye kalipa za zamani zilizo nzima, akifanya hayo mawili tu kwa 140,000 hivi, atapata sehemu kubwa ya nilichokipata. Kilichobaki juu ya hapo, yaani diski yenye chuma zaidi cha kumeza joto na pedi kubwa zinazobanwa sawasawa pande zote, ndicho hiyo laki tisa ya ziada inanunua. Kwa mtu asiyepanda wala kushuka mlima wowote, ambaye safari yake ndefu ni Bagamoyo, hiyo laki tisa ni ya mapambo.

Kasoro zipo. Pedi hizi zinatoa vumbi jeusi na rimu zangu nyeupe zimekuwa mateso. Asubuhi za masika zinalia, kona mbili tatu za kwanza, mpaka bodaboda wanageuka. Nimeweka vibati vya nyuma ya pedi ambavyo vilikuwa vimetupwa na mtu huko zilikotoka, kelele imepungua, haijaisha. Kubwa zaidi ni tairi la akiba. Langu ni la inchi 15, na haliingii tena mbele. Pancha ikiwa ya mbele, inabidi utoe gurudumu la nyuma ulipeleke mbele, kisha akiba uifunge nyuma: jeki mara mbili, pembezoni mwa barabara, usiku wakati mwingine. Na kwa kuwa gari linavuta magurudumu yote manne, tairi lisilolingana na mengine usiende nalo mbali, unaiumiza difu ya katikati. Hili liweke kwenye hesabu yako kabla ya kununua. Mimi natafuta rimu moja ya 16 ya kuokoteza, ya rangi yoyote.

Kuhusu Brembo za dhahabu, zile za STI za miaka ya 2000 ambazo kila mtu anaziota. Ni breki nzuri mno, sibishi. Diski za mbele ni milimita 326, za nyuma 316, na zinataka rimu za inchi 17, maana yake tairi nyembamba zaidi ukutani, kwenye nchi ya matuta yasiyo na alama na mashimo yanayofichwa na mvua. Bei niliyoambiwa, milioni tatu na nusu bila rimu, inakaribia kufanya breki ziwe na thamani kuliko gari. Ukikimbia mashindano ya mbio za magari, au ukiwa umeongeza nguvu za injini sana, una sababu. Kwa WRX ya kiwandani inayokwenda Iringa na kurudi, hapana.

Nyuma sijagusa. Kuna kalipa za pistoni mbili za nyuma zinazotoka kwenye magari yaleyale, na yule kijana wa Ilala ameshanipigia simu kwamba amezipata, kontena la juzi. Lakini zinataka diski ya 290, na humo ndani ya diski kuna dramu ya breki ya mkono ambayo kipenyo chake kinatofautiana gari kwa gari, 170 au 190, kwa hiyo unaweza kujikuta unabadilisha mpaka habu na bati la nyuma. Breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari hata hivyo. Nimemwambia anisubirie, nikijua fika kuwa sirudi. Hela hiyo imeshapata mwenyewe: shokapu ya nyuma kulia inavuja.